Kulwa Amchonga Doto

Sogeeni, wanangu, hadithi inapita! Zimwi lilimteka Doto. Pacha wake Kulwa, mchongaji, akabeba patasi yake, akalifuata hadi pangoni.

"Nichongee Doto mwingine," zimwi likacheka. "Nikishindwa kumjua wa kweli, mchukue."

Kulwa akachonga. Zimwi likanusa: "Huyu ananuka mti!"

Akachonga tena. Likagusa: "Huyu hana joto!"

Mara ya tatu akachonga huku akiimba wimbo wao wa utotoni, mpaka sanamu ikapumua, ikacheka. Zimwi likawatazama wote wawili, likachanganyikiwa, likaikumbatia sanamu.

"Doto ni huyu!"

Mapacha wakashikana mikono, wakaondoka.

"Dada," Doto akauliza, "hukuogopa kutuchanganya, mimi na sanamu?"

Kulwa akainua kichwa kwa fahari. "Yule nilimchonga mimi. Wewe nilizaliwa nawe."

Hadithi yangu imefika kwao, nami nimefika kwangu.