Bendera ya Hapa, Upepo wa Kule

Bendera ya hapa haisemi upepo wa kule. Jana mlimsikia babu yenu mdogo akiyatamka maneno hayo, pale mlipokuwa mnamsema ndugu yenu Bupe kwamba tangu ahamie Dodoma ametusahau, hata simu hapigi. Mkanyamaza, na leo mmekuja kuniuliza maneno yale yalitoka wapi. Basi endeleeni kumenya hizo ndizi, nami niwaeleze. Methali nyingi hatujui nani alizitamka kwanza. Hii tunajua, kwa sababu waliohusika walikuwa majirani zetu na mengine niliyaona mwenyewe. Ilianza namna hii.

Kabla wazazi wenu hawajaoana, hapa Ndapo palikuwa na kituo cha askari wa wanyamapori. Walikuwapo marafiki wawili kituoni, Lugano na Ambakisye. Waliajiriwa mwaka mmoja, wakajenga ubavuni mwa kilima kimoja, na watu wakawazoea hivyo: ukimtaja huyu, umemtaja na yule. Lugano alikuwa mtu wa maneno mengi na hasira za karibu. Ambakisye alikuwa mpole, mwenye tabia ya kutazama kitu muda mrefu kabla ya kukisema.

Kila mwaka baada ya mavuno, vikosi vya nyanda za juu vilikutana kwetu kushindana kulenga shabaha kwa bunduki. Si shabaha ya karibu. Mlengaji alilala kifudifudi upande huu wa uwanda, na ubao wake ukasimamishwa ng'ambo ya korongo, karibu kilomita nzima. Ukiutazama kwa macho matupu, lile duara jeusi lilikuwa kama mbegu ya ulezi. Katika umbali huo mkono uliotulia hautoshi. Upepo huisukuma risasi njiani, nanyi mnaujua upepo wa Ndapo, unavyoweza kulala hapa mlangoni huku kule bondeni unang'oa mabati. Kwa hiyo walengaji walikwenda wawili wawili. Mmoja alilala na bunduki, jicho lake likiwa halioni kitu ila ubao. Mwenzake aliketi nyuma yake na darubini, akisoma upepo na kumwambia alenge kushoto au kulia, na kwa kiasi gani.

Lugano alikuwa mkono, Ambakisye alikuwa jicho. Ziliwekwa bendera tatu za kusaidia kuusoma upepo: moja karibu na mlengaji, ya pili ukingoni mwa korongo, ya tatu kando ya ubao. Lakini Ambakisye alisoma zaidi ya bendera. Alisoma nyasi zinavyolala, ukungu unavyopanda kutoka korongoni, hata manyunyu yanavyoanguka mshazari. Vijana wapya wa kituo walipofundishwa, kosa lao lilikuwa lile lile: kuitazama bendera iliyo karibu kwa sababu ndiyo inayoonekana vizuri. Naye aliwaambia bila kuchoka, "Bendera ya hapa haisemi upepo wa kule. Tazama risasi inakokwenda." Wakati ule hayakuwa methali. Yalikuwa maneno ya kazi tu, kama fundi anavyomwambia mwanafunzi wake ashike msumeno vizuri.

Miaka kadhaa hawakushindwa. Kisha ukaja mwaka ambao mahasimu wao wakubwa walikuwa kikosi cha Mtitu. Nahodha wa Mtitu aliitwa Asajile, na huyo Asajile ndiye aliyemwoa Tusekile, dada yake Ambakisye. Jioni ya kuamkia mashindano, Ambakisye alionekana akienda kwenye kambi ya Mtitu, akala na dada yake na shemeji yake, akakaa hadi giza likaingia. Hakuna aliyeona ubaya. Mtu akila kwa dada yake, kuna ubaya gani?

Kesho yake mbingu zilikuwa nzito. Asubuhi palikuwa na mwanga wa kutosha na Lugano alipiga vizuri, risasi moja juu ya nyingine. Mchana mawingu yakashuka, kukawa na giza la mvua, manyunyu yakaanza. Mtitu wakamaliza. Lugano akabakiwa na risasi moja, na risasi hiyo ndiyo ingeamua nani ashinde.

Sisi watazamaji tulikuwa tumesimama nyuma, tumejifunika khanga na makoti. Bendera iliyokuwa karibu na Lugano ilikuwa imelowa, inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Lakini ile ya ng'ambo, karibu na ubao, ilikuwa imenyooka kabisa, inapepea kuelekea kulia. Hata mimi nisiyejua kitu niliiona. Ambakisye aliweka jicho kwenye darubini, akaliondoa, akalipangusa, akaliweka tena.

"Niambie," Lugano akasema, bado amelala, shavu likiwa juu ya kitako cha bunduki.

"Hewa imetulia," Ambakisye akasema. "Lenga katikati."

Lugano hakuuliza. Hakuwahi kumuuliza. Akavuta pumzi, akaitoa, akapiga. Kule ng'ambo walipoinua kibao cha alama, risasi ilikuwa imepita nje ya duara lote, upande wa kulia, mahali ambapo hata mlengaji anayeanza kujifunza angeona haya kupapiga. Watu wa Mtitu wakashangilia.

Lugano aliinuka, akaitazama ile bendera ya ng'ambo kwa macho yake mwenyewe. Kisha akamgeukia rafiki yake.

"Umeiona bendera ile?"

Ambakisye akaipangusa darubini.

"Kila mtu aliyesimama hapa ameiona. Wewe peke yako, mwenye darubini, ndiye hukuiona? Jana ulikwenda kula kwa shemeji yako. Sasa nimejua mlikula nini. Ulikula risasi yangu."

Aliyasema hayo mbele ya vikosi vyote, wake zao na watoto wao. Tulimngoja Ambakisye akane, au akasirike. Yeye aliifunga darubini taratibu, akaitia kwenye mfuko wake wa ngozi, akaondoka akishuka kilima, anapapasa njia kwa miguu kama mtu aliyechoka. Wengi wetu tulisema: asiyejitetea ana hatia. Nami nilisema hivyo, nisiwafiche.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Mwaka haujaisha, Ambakisye aliacha kazi, akarudi kulima viazi na mkewe Tumpe. Lugano akapandishwa cheo, akahamia kituo cha juu mlimani, akawa anashuka huku kwa nadra. Hakushiriki tena mashindano. Walipomletea msoma upepo mwingine alisema mkono wake umekufa. Na sisi, kwa sababu tuliona jina la Ambakisye linamchoma, tukaacha kulitaja mbele yake. Tulidhani tunamstahi.

Ikapita miaka minne, au zaidi. Siku moja ya gulio nilikuwa nimetandaza viazi vyangu pale chini, karibu na mashine ya kusaga. Lugano alikuwa ameshuka kununua chumvi na sabuni za kituo, akasimama kwangu kunisalimu. Tukiwa tunazungumza, akamwona Ambakisye anakuja peke yake, ameshika fimbo, anafuata ukuta wa mashine. Kisha akaniacha, akaenda akasimama katikati ya njia ya yule rafiki yake, hatua chache mbele yake, amevua kofia.

Hakusema kitu. Nadhani aliona ni juu ya Ambakisye kusema, au labda aliona kule kusimama na kuvua kofia kunatosha. Ambakisye alifika karibu kabisa, uso wake umemwelekea. Mashine ilikuwa inanguruma. Akagusa ukuta, akageuka kando kidogo, akapita, akaenda zake.

Lugano alirudi kwangu, kofia bado ipo mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umeona, Sekela? Umeona alivyonipita? Nimejishusha mbele ya gulio zima, naye ananipita kama jiwe la njiani."

Nilimtazama nisielewe. "Nani, Ambakisye?"

"Kwani yupo mwingine?"

"Lugano," nikamwambia, "Ambakisye haoni."

Akanikazia macho.

"Haoni tangu lini?"

"Giza kamili lina mwaka wa pili sasa. Lakini Tumpe anasema yalianza siku nyingi, wakati bado yuko kazini. Wanaita presha ya macho. Kwanza penye mwanga hafifu, na vitu vya mbali. Mwaka ule wa mashindano alikuwa tayari anaona kama mtu aliye ndani ya moshi. Wewe hukujua?"

Alikaa juu ya gunia langu la viazi bila kuniomba ruhusa, mikono kwenye magoti, na wateja wakapita wakimtazama. Baada ya muda akasema, kama anajisemea, "Aliiona ya hapa tu. Bendera ile ya karibu. Ndiyo pekee aliyoiona."

Alikwenda kwa Ambakisye siku ile ile. Aliyozungumza naye nimeyapata kwa Tumpe, aliyekuwa jikoni na mlango uko wazi.

Lugano alipobisha hodi, Ambakisye alimjua kwa sauti, akamwambia akae. Lugano akamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Ningekwambia nini?" Ambakisye akasema. "Ulikuwa umeapa hutapiga na mtu mwingine. Nikasema mashindano haya yapite, kisha nitaacha. Asubuhi mwanga ulinitosha. Mawingu yaliposhuka nikatafuta bendera ya kule, sikuiona. Nikaona aibu kusema sioni, watu wamejaa. Nikakisia. Hilo ni kosa langu, Lugano, nalijua."

"Na ile jioni kwa shemeji yako?"

"Nilikwenda kumwambia dada yangu habari ya macho. Nilitaka mtu mmoja ajue."

Lugano akaanza kulia, Tumpe akaacha kukoroga uji.

"Nisamehe," akasema.

"Nilikusamehe siku nyingi. Lakini usiniombe nisahau. Mtu akiwa gizani hana kazi nyingine ila kukumbuka."

Lugano alimpeleka hospitali ya mkoa. Daktari akawaambia kwamba nuru iliyopotea hairudi. Kwamba dawa zingeweza kuilinda ile iliyokuwapo, kama angeletwa mapema, wakati bado anaona kidogo. Walirudi kwa basi wameketi kiti kimoja. Tangu hapo Lugano alikuwa akishuka kila alipopata nafasi, anamkatia kuni, anampeleka kanisani. Lakini haikuwa kama zamani, wanangu. Ile hali ya mmoja kusema na mwingine kutii bila kuuliza haikurudi. Walikuwa kama watu wawili wanaobeba chungu chenye ufa, kila mmoja anatembea kwa tahadhari.

Masika ya mwaka uliofuata Ambakisye akapata homa ya mapafu. Hakuchukua siku nyingi.

Siku ya kumzika, kijiji kizima kilikuja, isipokuwa mtu mmoja. Tusekile, dada yake wa tumbo moja, hakuonekana. Tulimngoja asubuhi. Tukamngoja hadi mchana. Mchungaji akasema mvua inakuja, tuendelee. Hapo minong'ono ikaanza chini ya turubai. Mmoja akasema mumewe amemkataza. Mwingine akasema alikuwa anamwonea aibu kaka yake kipofu. Mama mmoja akasema kwa sauti, ili asikike, kwamba dada wa namna hiyo akija asipewe hata kiti.

Lugano alikuwa amesimama kaburini, ameshika koleo. Alilichomeka kwenye udongo, akageuka. Hakuwa akipaza sauti, lakini tulimsikia sote.

"Mtu tunayemzika hapa nilimhukumu mimi," akasema. "Nilisimama pale nilipokuwa, nikatazama nilichokiona, nikasema nimejua. Mlikuwapo, na wengi wenu mliniunga mkono. Tumekuja leo na makosa yale yale mkononi. Mtitu ni mbali. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kumekucha vipi nyumbani kwa Tusekile leo. Marehemu alikuwa akituambia kila siku, nasi tukafikiri anazungumza habari za bunduki. Bendera ya hapa haisemi upepo wa kule."

Akachukua koleo lake, akaendelea kufukia. Yule mama aliinamisha uso, akavuta khanga yake ikamfunika kichwa.

Tusekile alifika siku ya tatu, peke yake, miguu imevimba, matope yamemfika magotini. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akakaa pale hadi jua likaelekea kuzama. Kisha akaingia ndani kwa wifi yake Tumpe, mlango ukafungwa, na kilichomchelewesha akamwambia yeye peke yake. Sisi tuliokuwa nje tulimwekea maji ya moto ya kuoga, tukampikia chakula, tukampa kiti. Hakuna aliyemuuliza. Mpaka leo sijui kilikuwa nini, na sijawahi kumuuliza Tumpe.

Lugano naye alishafariki, na wote wawili wamelala kilima kile kile. Lakini maneno yalibaki hapa Ndapo. Mtu akichelewa msibani, ndugu akikaa kimya mbali, kijana akirudi kutoka mjini mikono mitupu, mzee mmoja lazima atayasema, na wengine watanyamaza kama mlivyonyamaza jana. Sijui Bupe yuko katika hali gani huko Dodoma. Nanyi hamjui. Mpigieni simu, na akipokea msianze kwa kumlaumu. Bendera ya hapa haisemi upepo wa kule.