Mkwe Halazwi Sakafuni

Alikuwako dada mmoja, kazi yake kupokea simu za dharura na kutuma gari la wagonjwa. Jumamosi moja simu ikalia, na kwa nyuma akasikia vigelegele. Watu walikuwa kwenye posa, na aliyepiga ni baba mmoja wa upande wa binti.

"Habari za kazi, mwanangu? Nyumbani hawajambo?"

Haya! Mtu anakata roho, mwenzake anauliza habari za nyumbani!

"Baba, sema shida."

"Si kubwa. Mkwe wetu, baba yake kijana anayeposa, alishika kifua, jasho likamtoka. Sasa amepitiwa na usingizi hapo kitini. Anakoroma."

Dada akashtuka. Alikujua kukoroma kwa namna ile. Akatuma gari, lakini barabara ya huko ni mashimo matupu.

"Baba, huo si usingizi, moyo wake umesimama! Mlazeni sakafuni, mtu ambonyeze kifua katikati, kwa nguvu, haraka haraka, asiache mpaka gari lifike."

Yule baba akanong'ona, "Sakafuni? Mkwe? Mbele ya watu wote hawa?"

"Ndiyo, sakafuni!"

"Watasema tumemdharau. Na sisi hatuwezi kumgusa. Wa kumshika ni mshenga aliyekuja naye, naye ametoka kidogo. Tumsubiri."

Jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje? Dada akaweka kando adabu zote alizofunzwa na mama yake. "Weka spika, baba!" Akapaza sauti, "Yeyote aliyemo humo ndani! Huyu mzee anakufa!"

Katika chumba cha ndani alikuwamo binti anayeposwa. Mila inasema hatoki mpaka aitwe, na hakuna aliyemwita. Akatoka. Akamvuta mzee chini, akapiga magoti, akaanza kubonyeza. Wamama wakafunika macho kwa aibu. Dada kwenye simu akawa anamhimiza, "Bonyeza, usiache, mwanangu, usiache," mpaka gari likafika. Mzee akapona.

Mnasema amina? Ngojeni kwanza.

Siku chache baadaye yule baba akapiga tena, namba ile ile ya dharura. Dada akauliza kwa hofu, "Mgonjwa amezidiwa?"

"Aa, hajambo kabisa, jana kala ugali. Sisi tuko kikaoni. Binti tumemtoza mbuzi kwa kutoka bila kuitwa na kumshika mkwe. Anasema wewe ndiye uliyemwamuru. Sasa tunauliza, huyo mbuzi utamleta lini?"

Mnacheka. Chekeni vizuri, maana mnajicheka wenyewe. Kikao kile ni sisi! Mwaka huu, nyuma ya kanisa hili hili, mwanamke alikuwa akipigwa na mumewe, kelele tukizisikia sote. Tulisema nini? Mambo ya ndani hayo. Wasimamizi wa ndoa wapo. Si zamu yangu. Akatokea jirani mmoja, akauvunja mlango, akamtoa yule mama akiwa hai. Nasi tukamfanyaje? Tukamwita mbele ya baraza ajieleze kwa nini anaingilia nyumba za watu, tukamwondoa na kwenye uongozi wa kwaya!

Nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka na heshima inayozika watu.

Jirani yule ameketi benchi la nyuma, huko tulikomweka sisi. Leo baraka sitoi mpaka kila mmoja awe amefika kwake kumwomba radhi. Haya, inukeni.