Mgawo wa Bondeni

Wapendwa, kando ya mto mmoja unaofurika kila masika waliishi ndugu wawili wa tumbo moja: dada, na mdogo wake wa kiume. Baba yao alipofariki, waligawana msitu wake wa bondeni nusu kwa nusu.

Kiangazi kikiwa kikali, yule mdogo akamwita bwana shamba aupime udongo. Akaambiwa, "Huu umechoka. Rutuba hakuna." Basi akaazimia kukata miti yote achome mkaa.

Dada yake akamsihi. "Mdogo wangu, usiuhukumu udongo huu wakati wa kiangazi. Majani haya yaliyodondoka ndiyo chakula chake, ila hayaozi vizuri mpaka maji yaje. Ngoja mto upande, ushuke, ndipo uupime udongo."

"Dada, watoto wangu hawali majani," akajibu, akashika shoka.

Masika yakaja. Upande wa dada, miti iliyapunguza maji kasi, tope laini likatulia juu ya majani. Mto uliposhuka, udongo ulikuwa mweusi, unanata vidoleni. Na upande wa mdogo? Maji yalipita mbio, yakauzoa udongo wote, ukabaki mchanga mtupu. Na mkaa ulikuwa umekwisha zamani.

Alijifungia ndani siku nne, hana uso wa kumtazama dada yake. Siku ya tano watoto walilia njaa, akaenda. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atanicheka? Atanisema mbele ya watu?

Alimkuta ameinama anapanda, penye uwazi katikati ya miti.

"Dada, uliniambia mimi..."

"Umekuja na jembe?"

"Hapana."

"Chukua langu. Kuanzia pale kwenye mvule mpaka mtoni, ni pako. Panda leo, udongo haujakauka."

Ndugu zangu, mlidhani nitawaambia tutunze miti? Tuitunze, ndiyo. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kuwa sahihi, tukaugeuza usahihi wetu kuwa fimbo? Mwenzetu anarudi kichwa chini, nasi tunataka kwanza akiri. Akikiri, kesho tunamkumbusha tena. Unyevu ule wa udongo hukaa wiki chache tu, jua likauchukua. Dada yule angeweza kuzimaliza wiki hizo akimsimanga ndugu yake.

Yuko mtu anaogopa kukupigia simu, kwa sababu ulimwonya na hakusikia. Ukitoka hapa, mpigie wewe.