Pimbi Aliyemwosha Mgeni Miguu

Hadithi iko mlangoni!

Ifungulie iingie!

Asiyesadiki anyooshe mkono sasa hivi. Wewe mwenye ndevu, nimekuona! Shule niliiacha mapema, lakini kwa habari za chini ya ardhi hapa hakuna wa kunifundisha. Bisheni tu, mtalala mkibisha.

Hapo kale, kale ya mababu wa kale, Pimbi alikaa peke yake juu ya kilima cha mawe. Zamani kilikuwa na miti ya miyombo. Moto ukaila, mvua ikauzoa udongo, na kipanga akawa anawaokota pimbi juani kama anayechuma kunde. Wakahama wote. Kaka yake akamwambia, "Dada, kivuli kikirudi, tuite. Tutakuja."

Pimbi akabaki. Kila asubuhi alipanda mwambani akaita, "Mpooo?"

Jabali likajibu, "Pooo."

Basi. Hakuna sauti nyingine mpaka jua likazama.

Akashuka bondeni, akang'oa mche wa myombo. Sasa, kwa akina pimbi mgeni haingii na vumbi, huoshwa miguu kwanza. Naye alivyokuwa na kiu ya mgeni, akaisugua mizizi mpaka ikatakata. "Karibu kwetu," akasema, akaupanda.

Ukanyauka. Pimbi akawaza, "Labda sikumwosha sawasawa." Akaufukua, akauosha tena! Mnacheka? Na nyinyi mngeosha.

Mche ukalia, "Bibi wee, unaniondolea ndugu zangu." Ukafa.

"Mpooo?"

"Pooo."

Akashuka tena. Wa pili hakuuosha. Akaubeba na tope lake jeusi la bondeni. Ukachanua majani. Lakini kiangazi kilipoingia tope likakauka, likapasuka kama kisigino. Nao ukafa.

Fuko, mchimba mashimo, akachomoza kichwa pale shinani. "Shangazi, unalilia nini?"

"Nimemleta na ndugu zake, wamemwacha!"

"Hawakumwacha. Ndugu zake ni nyuzi hizi nyeupe, watoto wa uyoga. Humvutia maji ya mbali, naye huwalisha. Lakini hawa ni wa tope. Mawe na upepo wa huku hawavijui. Nenda kwenye kilima kama chako."

Pimbi akavuka bonde, kipanga akizunguka juu yake. Kwenye kilima cha ng'ambo, chenye mawe na upepo uleule, akachimba mche wa tatu pamoja na udongo wa miguuni pa mama yake. Akarudi nao kilimani kwake, akaupanda bila kuuosha, akangoja.

Kiangazi kikapita, mti ukasimama. Mvua zikaja, uyoga ukaota shinani. Miaka ikaenda, kivuli kikatanda mwambani.

"Mpooo?"

"Tupooo!"

Pimbi wakapanda kilima, wakubwa kwa wadogo.

Basi, wenzangu: usimtenge mtu na watu wake ukadhani unamtakasa, na usimpande pasipofanana na kwao.

Hadithi imerudi shimoni, na mimi narudi kwangu.

Ngojeni. Kaeni. Kuna kipande nilikiruka, kwa sababu mlikuwa mnafurahi.

Kaka yake hakuwemo. Walikuja wajukuu, wazee wao walishakufa ugenini. Wakasimama kivulini na miguu yao ya vumbi, wakamuuliza, "Bibi, hapa ni kwa nani?"

Alikuwa ameshashika kibuyu cha maji. Akakitua chini.

"Ni kwenu," akasema. "Ingieni hivyohivyo."