Jani la Isale na Miwani ya Kusafiria

Mtu mmoja wa Dodoma, Mmachame kwa kuzaliwa, alikuwa na miwani ya kusafiria. Ilikuwa miwani mikubwa iliyomfunika nusu ya uso. Ukiivaa, unaona nchi nyingine mbele, nyuma na juu yako, kana kwamba umesimama huko huko.

Jina lake Anaeli. Kwa miwani hiyo alipanda Kilimanjaro akiwa na soksi, na alipofika kileleni akaomba aletewe sweta. Alikwenda Serengeti, simba akamtokea, naye akapanda juu ya kochi na kukataa kushuka mpaka mkewe alipozima kile chombo. Alikwenda ufukweni Unguja, na aliporudi akakung'uta mchanga miguuni. Majirani walipomuuliza amewaletea zawadi gani, alicheka. Nauli, alisema, ni ya watu wasio na miwani.

Sasa Anaeli alikuwa amemkosea kaka yake mkubwa, Ndekirwa, aliyebaki nyumbani Machame. Krismasi iliyopita, mbele ya wakwe, alionja mbege, pombe ya ndizi iliyopikwa kwa Ndekirwa, akasema inafaa kuoshea masufuria. Kaka mtu alichukua kata yake akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakupokea simu ya mdogo wake. Anaeli aliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini alijikausha. Kisha binti yake Haika akachumbiwa. Na kwao binti hatolewi nyumbani mpaka baba yake mkubwa asimame amtoe. Harusi ilikuwa mlangoni, na Haika alikuwa analia chumbani.

Kwao pia ipo njia ya kutengeneza mambo ya namna hii. Mkosaji huchuma jani la isale, hulibeba mpaka kwa aliyemkosea, akamkabidhi mkononi. Akishaletewa isale, hata mwenye hasira kali hawezi kukataa kusamehe. Anaeli alikuwa na isale lake uani, amelipanda kwenye ndoo kuukuu na kulimwagilia kila asubuhi. Kilichobaki ni safari tu. Lakini hakuona sababu ya kukaa kwenye basi kutwa nzima na miwani ipo.

Basi akampa msafiri mmoja kamera ya ile miwani, ikapelekwa Machame, ikawekwa juu ya kigoda mbele ya mlango wa Ndekirwa. Yeye mwenyewe akaoga, akavaa koti la kanisani, akaketi uani na jani mkononi, akavaa miwani. Akamwona kaka yake waziwazi, mvi zimeongezeka, na moyo ukamuuma. Akasema amekosa, akasema na mbege ilikuwa tamu, akasema na isale amemletea, na sauti yake ikatokea kule kwenye kigoda. Kisha akanyoosha jani.

Ndekirwa aliinuka. Alikisogelea kigoda taratibu, akanyoosha mkono. Na Anaeli akasikia jani linavutwa kutoka vidoleni mwake, kwanza polepole, halafu kwa nguvu. Limepokelewa! Alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Alilia mpaka machozi yakajaa ndani ya miwani, ikabidi aivue.

Mbele yake alikuwa amesimama mbuzi wa jirani, anatafuna. Ncha ya isale ilikuwa bado inaning'inia mdomoni.

Mkewe alikuwa kwenye mlango wa jiko, ameshuhudia yote.

"Baba Haika," alisema, "mbuzi amekusamehe. Bado kaka yako."

Anaeli aliifuta miwani haraka akaivaa tena. Kule Machame mzee alikuwa bado amesimama mbele ya kigoda, kiganja kiko wazi. Mkono ulikuwa umeanza kuchoka, naye alikuwa anaushikilia kwa mkono wa pili ili usishuke. Alikuwa anangoja jani.

Na wewe uliyeomba msamaha wako ukiwa umeketi nyumbani kwako, una hakika ni nani aliyelipokea jani?