Kifusi cha Makaa na Shamba la Osmunda

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kijiji kimoja cha Umatengo kilikaa chini ya mlima ambao Mungu hakuuumba. Kilikuwa kifusi: mawe na vumbi la machimbo ya makaa ya mawe. Egno, mwenye machimbo, alikirundika pale kwa sababu palikuwa karibu. Uvivu huo, jamani!

Kiangazi vumbi likashuka, maharage yakawa meusi, watoto wakakohoa. Osmunda, mjane mwenye shamba moja tu, akapika pombe, akaita watu kazini. Akamwomba shemeji yake Kanisius, fundi wa mashimo ya ngoro, awaongoze.

"Milima yetu yote imeshikwa na ngoro," Osmunda akamwambia. "Huu nao tuushike."

Wakachimba ngoro, yale mashimo ya kuzuia maji yasibebe udongo, wakapanda nyasi kandokando. Egno akaona, akanyamaza. Vumbi likatulia, kijiji kikashangilia.

Masika yakaja. Mashimo yakanywa maji, yakanywa, yakanywa, kifusi kikavimba. Asubuhi moja Osmunda akaona ufa juu na tope jeusi chini. Nyumba zote zilikuwa njiani.

Egno akafika na tingatinga. "Nikikata mfereji huku, maji yatatoka. Lakini tope litaangukia kahawa ya Kanisius, naye yuko mjini. Nikate?"

Kifusi kikanguruma. Osmunda akapiga kelele: "Kata!"

Nyumba zikapona. Kahawa ikazikwa, haukubaki hata mche mmoja.

Kanisius aliporudi alilia mbele za watu. Kisha akasema: "Shemeji, uliniita, nikaja. Sikuwapo, ukasema kata. Nipe shamba lako."

Osmunda akajibu: "Fundi ni wewe, shemeji. Mimi nilijua nini? Na wanao walikuwa ndani ya nyumba zile zile. Nikikupa shamba, wangu watakula nini? Mwulize aliyerundika."

"Nilirundika, kweli," akasema Egno. "Lakini kifusi kilikaa kikavu mpaka mlipokichimba. Na aliyewaokoa ni mimi."

"Ulituona tukichimba! Mbona hukusema?" akafoka Osmunda.

Egno akainamisha macho. "Mlikuwa mmeacha kunilalamikia vumbi."

Basi wakasimama mpakani mwa shamba la Osmunda, Kanisius na jembe lake, Osmunda na lake, na msimu wa kupanda haungoji mtu. Msinitazame mimi, hili limenishinda. Mmoja alirundika akanyamaza, mmoja alichimba, mmoja aliita watu na kuamuru mfereji.

Je, nani amlipe Kanisius, au ale hasara yake mwenyewe?