Ukurasa wa Tabaruku

Hapo zamani, tena si zile za majini na wafalme, ni hizi hizi za kompyuta na vocha za simu, palikuwa na wanafunzi watatu waliohariri jarida la fasihi chuoni kwao. Jarida liliitwa Kidaka, kama kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu. Mwenye kucheka na acheke sasa, maana mbele huko sitaki kukatizwa.

Shaweji alipokea makala. Tumsifu alizikata. Nyamizi alikuwa mhariri mkuu, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Walikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, kila makala ilivuliwa jina la mwandishi ikapewa jina la samaki, mtu asije akampendelea rafiki yake. Ungewasikia wakibishana, "Changu ana hoja, lakini huyu Kibua kanakili!" Ya pili, kila toleo lilikuwa na ukurasa wa tabaruku, yaani wa kumtunuku mtu toleo hilo, na ukurasa huo aliujaza mmoja tu: yule aliyelifanyia toleo kazi kubwa kuliko wenzake.

Basi ikaja makala, wakaiita Kolekole. Ilikuja imechelewa, tena imeandikwa kwa mkono.

"Siku ya mwisho imepita," alisema Nyamizi. "Tupa."

Shaweji hakutupa. Mwandiko ule, salale! Kuku akipita na tope anaandika vizuri zaidi. Lakini Shaweji alikuwa amekulia kwa bibi yake akimsomea barua za ndugu, na kwa kusoma mwandiko mbaya hakuwa na mpinzani. Akakaa akaipiga chapa yote, neno kwa neno.

Tumsifu akaisoma, akasonya. "Huyu Kolekole anazunguka mbuyu tu." Ila Tumsifu alikuwa na tabia ya kuchokoa tanbihi kama mtu anayechokoa kichwa cha samaki. Mwisho kabisa, kwenye tanbihi ya mistari mitatu, akasimama na kiti kikaanguka. Akampelekea mwandishi ujumbe kupitia Shaweji: "Tupa yote. Anza hapa." Mwandishi akatupa yote, akaanza pale. Iliporudi, Tumsifu aliiweka mbele ya Nyamizi.

Ilihusu wimbo wa kubembeleza watoto unaoimbwa kwao Nyamizi. Katikati ya wimbo mwimbaji hufumba mdomo: mmm, mmm. Wataalamu wote wameandika kwamba hapo palikuwa na maneno, yamesahaulika. Nyamizi naye aliandika hivyo. Tasnifu yake yote, iliyobaki kidogo tu kukamilika, ilisimama juu ya nguzo hiyo.

Kolekole alisema hapana. Hakuna neno lililosahaulika. Pale mama huweka jina la mtoto aliyekufa kabla ya huyu anayembembeleza. Jina halitamkwi mbele ya aliye hai, kwa hiyo mama hulifumbia mdomo. Na ushahidi? Wasikilizeni wanawake wasiofiwa na mtoto. Wao hawafumbi mdomo. Wanapita moja kwa moja.

Nyamizi aliiweka makala chini. Mama yake alikuwa akifumba mdomo. Na Nyamizi alikuwa kifungua mimba, ndivyo alivyoambiwa siku zote.

Akatoka nje, akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, ule wimbo wako wa kunibembeleza. Pale unapofumba mdomo, pana nani?"

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Nani kakwambia?" aliuliza mama.

Kisha akalitaja. Jina la mtoto wa kiume, mara moja, taratibu. Nyamizi alikuwa na kaka. Akataka kuuliza, lakini mama alikuwa ameshaanza kuimba, na alipofika pale akafumba mdomo. Nyamizi alisikiliza akiwa amepiga magoti kwenye kokoto, mbele za watu, wala hakuona haya.

Sasa angalieni. Angeweza kuikataa. Angesema tu ilichelewa, na nani angemuuliza? Tasnifu yake ingesalimika, angehitimu na wenzake. Akarudi chumbani uso umelowa.

"Kolekole anapita," alisema. "Tena anatangulia mbele ya wote."

Akaenda kwa msimamizi wake, akaiondoa tasnifu. Wenzake walivaa majoho, yeye akaanza upya.

Mpiga chapa akawa anasubiri jambo moja tu, ukurasa wa tabaruku.

"Ni wangu," alisema Shaweji. "Bila mimi ingeishia jalalani. Naandika jina la bibi yangu. Yu hai, na hajawahi kuliona jina lake limechapwa mahali popote. Macho yake yanakwisha, jamani. Aliye hai kwanza!"

"Ni wangu," alisema Tumsifu. "Bila mimi ingebaki tanbihi. Na mimi siandiki kitu. Ukurasa ubaki mtupu. Tumeisoma makala hii au hatukuisoma? Mama wale hawakusahau, walinyamaza. Tunyamaze nao."

"Ni wangu," alisema Nyamizi. "Bila mimi ingekufa hapa mezani, na niliipitisha kwa mwaka wangu mzima. Naandika jina la kaka yangu. Hana kaburi ninalolijua, hana picha. Ana mmm tu!"

"Mama yako amekuruhusu?" aliuliza Tumsifu.

"Hakukataa."

"Hakukubali pia, dada. Kimya kile ndicho kilichomtunza mtoto."

"Kimya kile kimemkaba mama yangu miaka yote!" Nyamizi alilia waziwazi. Shaweji akamshika bega, lakini dai lake hakulifuta. Hakuna aliyelifuta lake.

Mpiga chapa akapiga simu: mashine inawaka, niweke nini?

Nami jina la kaka huyo ninalo. Nimelibeba toka nilipoanza kuwasimulia. Mkimpa Shaweji ukurasa, nitawatajia bibi yake na tutamshangilia. Mkimpa Tumsifu, nitafumba mdomo hivi. Mkimpa Nyamizi, nitalitamka hapa hapa, na likishatoka halirudi. Haya, wenzangu, semeni: ukurasa ule, nani alistahili kuujaza?